Barua Iliyoganda

Barua ilikuwa imebakiza sentensi moja tu kompyuta ilipoganda. Wubalem alibofya, akabofya tena. Skrini ikamwambia kwamba programu haijibu: aifunge au asubiri? Akiifunga, barua nzima inakwenda na maji, maana hakuihifadhi hata mara moja. Mjinga gani huyu, alijilaani.

Nyuma yake baba yake, Ato Demelash, aliyewafundisha watoto wa Debre Markos herufi za Kiamhari kwa miaka arobaini, alikuwa akizunguka sebuleni huku na huko. Kwa miaka sita hakusemezana na mwanawe Mezgebu, kisa mke aliyemuoa. Leo, bila kuombwa na mtu, kaamka na kuanza kumtajia Wubalem maneno ya kumwandikia Mezgebu. Wubalem alimjua vizuri: mzee huyu harudii neno, na moyo wake hugeuka kabla kahawa haijachemka.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo, Baba."

Akafungua orodha ya programu zilizokuwa zikiendelea kichinichini, akaanza kuzifunga moja moja ili mashine ipumue: mchezo wa karata, kicheza muziki, na kijiprogramu kimoja chenye jina asilolijua. Hicho cha mwisho kilipofungwa tu, barua ikazinduka, nzima. Akaihifadhi haraka haraka.

"Haya Baba, la mwisho."

"Njoo nyumbani. Uje na mkeo."

Akaandika. Zikatoka herufi za Kizungu. Akajaribu tena, ni zile zile. Ndipo akaelewa: kile kijiprogramu ndicho kilichokuwa kikimwandikia kwa herufi zao, na yeye hakujua kukirudisha ila kwa kuizima kompyuta na kuiwasha upya. Kwa uzee wa mashine ile, hizo ni dakika kumi. Mzee alishaanza kutafuta kofia yake.

Wubalem akayaandika hivyo hivyo, Kiamhari kwa herufi za Kizungu, mtindo wa vijana kwenye simu ambao baba yake aliuita takataka.

Mzee akainama, akakunja uso. "Nini hiki?"

Kwa hofu akamsomea. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Ataweza kuisoma?"

"Ataisoma, Baba."

"Basi tuma, kabla sijaanza kusahihisha."