Bawa Lililoshonewa Nafasi ya Kukua

Mawien alipotangaza pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwamba ameitwa Lodwar kwenda kushona ndege, mkewe Achai aliweka sufuria chini akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayesema na mgonjwa, kama ni kanga au ni kuku. Majirani wakapata la kuchekea wiki nzima. Wateja waliokuja kuchukua sare za watoto wao walimsihi amshonee ndege huyo na suruali pia, maana si heshima kiumbe kutembea miguu mitupu mbele za watu.

Mawien hakujali. Alikuwa mrefu kama nguzo ya simu, na kiburi chake kilimzidi kimo. Kibali cha kutoka kambini kwa siku tatu kilikuwa mfukoni, kimegongwa muhuri. Aliyemwita ni Injinia Jepkoech, mwanamke mfupi wa maneno machache, msimamizi wa matengenezo ya kindege kilichopeleka madaktari wa mifugo huko malishoni. Kilikuwa cha zamani, cha aina ambayo mabawa yake si bati bali ni mbao zilizovishwa kitambaa, na upepo wa Lodwar ulikuwa umelirarua bawa la kushoto. Siku moja alipopita Kakuma akauona mshono wa Mawien kwenye hema la kanisa. Akampa vipande viwili aviunganishe, kisha akavivuta kwa mashine hadi kitambaa kikachanika na mshono ukabaki. Basi wakakubaliana. Mawien alivishe bawa hilo moja. Likipita ukaguzi, ndege nzima ni yake kushona. Lisipopita, arudi Kakuma kwa basi akawaeleze wale wa suruali. Na kitambaa cha bawa hilo kilikuwa ni hicho hicho tu; akikiharibu, stoo haikuwa na kingine cha kurudia.

Bandani, kando ya uwanja wa ndege, alimkuta Lokol, seremala wa Kanamkemer aliyezitengeneza upya mbavu za bawa. Lokol alimsalimu kwa Kiturkana, ejok, akamtembeza kulizunguka bawa zima kama mtu anayeonyesha fahali wake. Alimsimulia kwamba mwanzoni yeye alitaka kutumia mgunga, mti wa kwao usiojua kuvunjika, lakini Injinia akamwambia kwamba kwa mgunga ndege itafika mwisho wa uwanja na kukaa huko huko hadi kiama. Ndiyo maana akapewa msonobari, mwepesi kama mkate, ukaunganishwa kwa gundi.

“Mimi nimemaliza mifupa,” Lokol alisema. “Wewe lete ngozi, tuone kama huyu mnyama atasimama.”

Mawien alilipima bawa kama anavyompima mteja, akakaa kwenye cherehani, akashona mpaka jua likazama. Kesho yake asubuhi walilivisha ile nguo polepole, kama soksi. Kitambaa kilining'inia. Kilijikunja juu, kikajaa upepo chini.

Lokol alilizunguka bawa mara mbili. “Mzee wa Kakuma,” akasema, “hii ndege umeivalisha kanzu ya babu yake.”

Jepkoech alikishika kitambaa kwa vidole viwili, akakivuta, nacho kikaja bila ubishi. Akauliza ziada hii ni ya nini.

“Nafasi ya kukua, Madam,” Mawien alijibu, na neno likawa limeshatoka kabla hajawahi kulirudisha.

Miaka ishirini alikuwa akishona sare za shule, na Kakuma hakuna mama anayemshonea mtoto wa leo. Wote humshonea mtoto wa mwaka kesho kutwa. Mkono wake, bila kumuuliza mwenyewe, ulikuwa umeongeza vidole vinne.

“Fundi,” Jepkoech alisema, “tangu nianze kazi hii sijaona ndege iliyonenepa.”

Lokol alikaa chini kwenye maranda ya mbao, akacheka mpaka akakohoa. Mawien aliomba afumue aanze upya. Injinia akakataa, kwa kuwa kila tundu la sindano ni udhaifu huko juu. Alichukua rula, akapima ulegevu, akanong'ona hesabu. Kisha akachomeka pasi ya umeme.

Mawien alipoiona pasi alisimama mbele ya bawa akatandaza mikono kama golikipa. Kitambaa kile kilikuwa plastiki iliyosokotwa kuwa nyuzi. Alikijua tangu alipokigusa, na hakuna fundi ambaye hajawahi kuyeyusha gauni la namna hiyo na kumkimbia mwenye nalo. Jepkoech akamweleza taratibu kwamba joto la kiasi huifanya plastiki hiyo ijikunyate, na likizidi huiharibu. Pasi ameipima kwa kipimajoto. Wataanza chini, wapande kidogo kidogo. Ulegevu huenda ukaisha, huenda usiishe.

“Mkono unaojua pasi hapa ni wako, si wangu,” akasema, akampa.

Mawien akapitisha mara ya kwanza, kwa wepesi wa mtu anayempangusa mtoto uso. Kitambaa kikatetemeka. Mkunjo mmoja ukatoweka kama nyoka aingiaye shimoni. Lokol akainuka pale alipokaa. Wa pili ukaenda, wa tatu ukaenda, naye Lokol akawa anauaga kila mmoja kwa jina la shemeji yake mmojawapo. Injinia akapandisha joto, akapandisha tena. Kufikia adhuhuri ulibaki mkunjo mmoja kwenye ncha, mkaidi kama punda. Mawien alipita, ukabaki. Alipita tena, ukabaki. Akainua pasi, akafumba macho. Alipoyafumbua, ncha ilikuwa laini kama yai.

Jepkoech alikagua mishono yote kwa tochi, akakagua kingo zilizogundishwa. Mwisho akaligonga bawa kwa kidole. Lote likaitika, ndu, kwa sauti nene iliyojaa banda.

“Limepita,” akasema.

Lokol akaruka juu kwa miguu miwili, mruko wa edonga, ngoma ya Waturkana, akianzisha wimbo wa fahali wake mwenye mabaka. Mawien, ambaye kwao pia dume huimbiwa, akamjibu kwa fahali wa baba yake mwenye pembe pana, akaruka hadi kichwa kikagonga boriti, akaendelea kuruka. Jepkoech aliwaonya wasilikaribie bawa, kisha akagundua kwamba kidole kinachopiga ndu, ndu, ndu ni chake mwenyewe.

Rubani wa kindege hicho, Aukot, alitokea mlangoni na miwani yake ya jua, akauliza nani anaoa.

“Ni wewe,” Lokol alimwambia, akiwa hewani. “Vua viatu uingie, bibi harusi ashavaa.”