Nyaya Mbili za Shangazi

Nyumba ilikuwa na ufa wa kupitisha mkono, lakini shangazi kuhama, ng'o! Bintiye alibembeleza, akanuna, akalia. Wapi!

"Mwanangu akipiga simu, nani atapokea? Popo?"

Mwanawe wa kiume alikuwa baharia wa meli za mizigo, leo bandari hii, kesho ile. Anwani hana. Alichokuwa nacho ni namba ya simu ya mezani ya mama yake, aliyoishika kichwani tangu utotoni. Na shangazi aliamini kabisa kwamba namba ile inakaa humo ukutani, pale waya unapoingilia.

Mtoto wa kaka yake, fundi wa simu waliyemwita Waya kwa wembamba wake, alicheka hadi akakaa chini.

"Shangazi, namba haimo ukutani. Wala haimo ndani ya simu. Twende kazini kwangu ukaone."

Akaenda, ila simu yenyewe kaikumbatia kifuani. Nani amdanganye yeye!

Chumba cha mitambo kilimnyamazisha, yeye asiyenyamaza hata msibani. Nyaya zilipanda kutoka sakafuni hadi darini, nyembamba kama uzi wa kushonea, maelfu kwa maelfu.

"Kila nyaya mbili ni mlango wa mtu," Waya alimwambia. "Mwanao akibonyeza namba huko aliko, tarakimu za mwanzo zinamleta nchini, zinazofuata zinamleta mjini, za mwisho zinamfikisha kwenye nyaya mbili tu. Zako ni hizi."

"Kati ya watu wote hawa?"

"Kati ya watu wote duniani. Hakuna mwingine mwenye namba hiyo nzima."

Shangazi alizigusa kwa ncha ya kidole. Machozi yakamlengalenga. Kumbe miaka yote hii mwanawe alikuwa akipita hapa, kwenye kitu chembamba hivi, na hapotei!

Waya akazichomoa.

"Ee! Sasa mimi niko wapi?"

"Kwa sasa? Hupo popote."

"Nirudishe upesi, mshenzi wee!"

Akazichomeka tena, safari hii penye waya unaokwenda nyumbani kwa bintiye. "Haya, umeshahama."

Kwa bintiye, shangazi aliweka kiti kando ya simu, habanduki. Wiki zikapita, simu kimya. Akaanza kulia waziwazi kwamba amempoteza mwanawe kwa kuogopa ufa. Waya akawa anapita njia ya nyuma asionwe.

Mchana mmoja, shangazi anachambua mchele, simu ikalia. Ungo ukaruka huko, mchele ukatapakaa sakafu nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Jamani, umenipataje huku?"

Nyuma ya sauti ya mwanawe mashine za bandari zilikuwa zikinguruma.

"Huku wapi, mama? Kwani umehama?"