Hatujamaliza Ufaransa

Kama ungetaka kujua vituo vya kura hufungwa saa ngapi katika nchi yoyote ya dunia hii, ungekwenda Mutakura, mtaa mmoja wa Warundi, nyumbani kwa Caritas, siku ile ya kura ya katiba mwaka 2005. Wanaume walioketi uani chini ya turubai walikuwa na jibu la kila nchi, na kwa nchi nyingine walikuwa na majibu matatu. Nchi moja tu waliipita mbio bila kuitazama, nayo ni ile iliyobeba viti walivyokalia.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mahari ya Nella, binti wa pekee wa Caritas. Nani hupokea mahari siku ya kura? Mtu aliyeshauriwa na Melchior. Huyu Melchior alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Caritas, na alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji kukimbia baridi, akiwa na suti mbili na maoni mengi. Ndiye aliyesema kwamba siku hiyo hakuna kazi, askari watajaa barabarani, hata waasi wa milimani huenda wakatuacha tulale, basi siku salama kuliko hiyo ni ipi? Wageni waje saa sita, saa nane wawe wameondoka, na kura watu wapige kabla au baada. Padri aliguna kidogo kwa sababu ilikuwa Kwaresima, lakini mahari si harusi, akanyamaza. Mtu aliyetoka mbali hupewa sikio hata pale anapouliza njia ya chooni.

Kabla haikuwezekana. Tangu alfajiri Caritas alikuwa akipigana na makaa yenye unyevu, sufuria ya maharage, ndizi za kumenya na mbuzi mzima wa kukatakata. Wanaume wa nyumba walitoka mapema, wakapanga mstari shuleni, wakarudi na vidole vya wino, wakauliza chai iko wapi. Kwa hiyo ikabaki baada, na Caritas neno hilo "baada" alikuwa akilijua vizuri.

Mwaka 1993, nchi nzima ilipokwenda kuchagua, yeye alibaki nyumbani kuwapikia wajomba wa mumewe. Walikuwa wamekwisha kupiga kura, wakaja kunywa, wakanywa. Xavier, mumewe, akamwambia asiwe na haraka, siku bado ndefu. Alipofika shuleni mlango ulikuwa umefungwa na mlinzi anatafuna karanga. Akarudi akicheka, maana alidhani kura ni kama mvua, ikikukosa leo itakunyeshea kesho. Mwaka haukuisha kabla vita havijaanza. Xavier akaenda na vita hivyo, na kura haikurudi kwa miaka kumi na miwili. Katika miaka hiyo Caritas alisameheana na watu wengi, pamoja na Xavier aliyekufa bila kuombwa msamaha wala kuuomba. Ule mlango tu ndio hakuusamehe. Aliutaka siku hiyo kuliko alivyotaka mahari.

Wageni, badala ya saa sita, walifika saa nane na nusu. Walitoka Gatumba, mpakani, na katika kila bariyeri askari waliwashusha, wakawapekua, wakawauliza nani anaoa. Ukoo wenyewe ulikuwa wa Wakongo waliohamia upande huu wa mpaka, wachuuzi wa vitenge na unga wa muhogo. Bwana harusi, Landry, alitokwa jasho hadi kwenye tai. Msemaji wao alikuwa baba yake mdogo, mzee Cirimwami, mtu mfupi mwenye sauti ndefu, ambaye aliombwa kusema katika mahari za watu hata wasio ndugu zake, kwa kuwa akianza kusema hata mwenye binti husahau alichotaka kukataa.

Basi wakasema. Méthode, kaka yake Caritas, alijibu kwa upande wa nyumba: hapa hatuna binti, labda mmepotea, jaribuni jirani. Cirimwami akasema wameona ua limechanua kwa juu ya ukuta. Wakavutana, wakataniana, ng'ombe akatolewa, ng'ombe wa mjini anayeonekana katika maneno tu, akapokewa, vigelegele vikapigwa. Saa tisa ilikuwa bado haijapita sana. Hadi hapo Caritas alikuwa akimshukuru Mungu.

Kilichobaki kilikuwa agashinguracumu, kinywaji cha mwisho, cha kung'oa mkuki. Zamani mgeni alichomeka mkuki wake langoni, na hakuung'oa mpaka mwenyeji amnyweshe cha kuagana. Mikuki siku hizi hakuna, lakini kinywaji kipo. Kisipotolewa, mgeni hainuki. Na mama wa binti akitoka langoni kabla hakijatolewa, maana yake ni moja tu, amewakataa wakwe. Akitoka, anamvunjia Nella ndoa. Asipotoka, saa kumi, saa ya kufunga vituo, itamkuta na mwiko mkononi.

Hapo ndipo mzee Cirimwami, akisubiri kwa adabu, alipoona vidole vya wino.

"Mulishapiga kura?" aliuliza. "Huku banafunga saa ngapi?"

"Saa kumi," Méthode alijibu, kana kwamba ameulizwa jina la mbuzi.

"Saa kumi!" Melchior akadakia. Alikuwa amenyamaza muda mrefu mno. "Ubelgiji saa saba ya mchana kila kitu kimekwisha. Watu wanaenda kula."

"Saa saba? Na mutu mwenye kuchelewa kuamuka?"

"Analipa faini. Kule kupiga kura ni lazima."

Cirimwami akatikisa kichwa. "Basi hamutupite mbali. Kwetu pia ilikuwa lazima. Ila jina lilikuwa moja tu. Biro za kura zilifungwa saa yoyote, kwa sababu yule mutu alikuwa ameshinda tangu asubuhi, mbele ya kufunguliwa."

Wakacheka mpaka viti vikalia. Caritas naye alicheka, sahani mikononi, kisha akaona kivuli cha turubai kimefika ukutani. Cheko likamkauka.

Méthode alikaa Kigoma ukimbizini, na hakuna aliyeruhusiwa kuisahau Kigoma. Akasema kule nako ni saa kumi, ameona kwa macho yake, ila saa kumi ya kule si saa kumi ya hapa, ya kwao inatangulia. Melchior akasema saa ni saa. Méthode akasema basi avuke ziwa akaulize. Mtu akaitaja Rwanda, wao hufunga saa tisa. Mwingine akasema Uingereza ni saa nne ya usiku.

"Saa ine ya usiku!" Cirimwami alishika kifua. "Hapa saa ine ya usiku mutu anatembea na nani? Na risasi?"

Kicheko kingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Caritas akainama nyuma ya kiti cha kaka yake.

"Méthode, toa agashinguracumu."

"Bado, dada," Méthode alinong'ona bila kugeuka. "Hatujamaliza Ufaransa."

Na Ufaransa, Mungu atusaidie, ilikuwa nchi ngumu. Melchior alisema vijijini ni saa kumi na mbili, lakini miji mikubwa saa mbili ya usiku. Basi ikabidi ijulikane mji mkubwa ni upi. Wakaanza kuipima miji ya Ufaransa mmoja mmoja, watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona isipokuwa Melchior, naye aliiona kwa dirisha la treni. Redio ya jirani, ng'ambo ya ukuta, ikasema kwamba vituo vitafungwa baada ya nusu saa. Caritas alisikia. Nella, aliyekuwa amekaa ndani na shanga zake kichwani, alisikia pia, akatoka hadi mlangoni akamtazama mama yake. Yeye naye kidole chake kilikuwa cheupe. Katika nyumba ile wino ulikuwa umefika kwa wanaume tu, na wao ndio waliokuwa wakijadili saa.

Caritas akaweka sahani chini. Akaingia jikoni, akachukua mtungi wa urwarwa, pombe ya ndizi aliyoitengeneza mwenyewe, akatoka nao mpaka katikati ya ua. Hakumngoja Méthode. Akamjazia mzee Cirimwami, kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Muzee, hii ni agashinguracumu."

Kinywaji hicho hutolewa na mwanamume wa nyumba, na hutolewa mgeni akiwa ameonyesha anataka kwenda. Kukitoa mapema ni kumshika mgeni shingo na kumtoa nje. Méthode alifumba macho. Landry akasimama, akakaa, akasimama tena. Cirimwami akakiangalia kikombe kana kwamba kimemtukana.

"Mama Nella," alisema polepole, "tulikula, tulikubaliana. Sasa unatufukuza? Mutoto wetu amekosa nini?"

Caritas alikuwa ameandaa maneno laini huko jikoni, yote yakamtoka kichwani. Yakabaki ya kweli.

"Apana, muzee. Mutoto ni wangu pia sasa. Lakini mi sijapiga kura. Mwaka wa tisini na tatu nilipikia wageni mpaka banafunga mulango. Leo napika tena, na nyie munahesabu Ufaransa. Nakuomba, nyanyuka. Nikitoka mbele yako, batasema nimekataa mukwe. Usiponyanyuka, mi nakufa hapa na sufuria."

Alilia kidogo, akakasirika kwa kulia, akapangusa uso na kitambaa cha vyombo. Melchior alifungua kinywa kusema jambo juu ya Ubelgiji, akakifunga, na hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote aliyofanya likizo ile.

Mzee Cirimwami akakinywa kikombe chote, bila kupumzika. Akasimama, akavuta koti.

"Mukuki umetoka," alitangaza. "Na desturi, kama naijua, mwenye nyumba anasindikiza mugeni mpaka njiani. Mama pamoja na binti. Sisi gari yetu tuliiacha karibu na shule."

"Gari liko hapa langoni," Landry alisema.

"Nyamaza, mutoto. Liko karibu na shule."

Wakatoka. Kama hukuwahi kuona ujumbe wa mahari unakimbia, hujaona kitu. Wazee wa Gatumba wamevaa makoti, wanawake wameshika vitenge vyao magotini, Nella na shanga zinacheza, Méthode nyuma na kikombe alichosahau kukiweka. Watoto wa mtaa walidhani vita vimerudi, kisha wakaona watu wanacheka, wakakimbia nao. Caritas alikuwa mbele. Kandambili moja ilimtoka, hakuirudia.

Mlango wa shule ulikuwa umefungwa.

Caritas alisimama mbele yake, akaupiga kwa viganja. Mwenyekiti wa kituo, mwalimu mmoja mwenye miwani, akachungulia. Saa kumi ilikuwa haijafika, alikiri mwenyewe, lakini tangu saa tisa hakuna aliyekuja, amechoka, wamekwisha kupanga meza. Akasema mama arudi nyumbani, kura moja haivunji nchi wala haiijengi.

Ndipo Cirimwami akamsogeza taratibu kando, akakohoa, akaanza kwa ile sauti yake ndefu.

"Wenye nyumba hii, amani. Tumetoka mbali, tumepita bariyeri nyingi. Tumesikia ndani yenu kuna kitu kizuri, tumekuja kukiomba."

Mwalimu alimkodolea macho. Lakini alikuwa Mrundi, na Mrundi akisalimiwa hivyo ulimi hujibu kabla ya kichwa. "Hapa hatuna kitu. Labda mumepotea. Muulize jirani."

"Tumekiona juu ya ukuta."

"Kiko na wenyewe."

"Mwenyewe ni huyu," Cirimwami alisema, akamshika Caritas mkono. Sauti yake ikapungua, na utani ukaondoka ndani yake. "Mi sina kura hapa. Kwetu pia sina, tangu nizaliwe sikuchagua mutu hata mumoja. Sikuombei yangu. Nakuombea ya huyu mama, na ya mutoto wake. Saa haijafika. Utatufungulia mulango ao utatunyima?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akasema maneno mawili matatu ya kizee, yale ya kuonyesha kwamba hakubali bure, kisha akavuta komeo.

Nella alipiga kura yake kwa muda wa kukohoa, akatoka. Caritas akaingia nyuma ya pazia. Swali lilikuwa moja, kuikubali katiba au kuikataa, na jibu lake alikuwa nalo tangu wiki mbili zilizopita. Hakukuwa na la kufikiri. Lakini pale ndani palikuwa na meza ndogo, kimya, na mwanga wa jioni ukipita kwenye pazia, na hakuna mtu aliyemwomba chai. Aliketi kwenye kiti ambacho hakikuwekwa cha kukalia.

Nje wakaanza kuita. Méthode aliuliza kama amezimia. Melchior alieleza kwamba Ubelgiji mtu hupewa dakika chache tu, na Cirimwami akamwambia basi aende Ubelgiji. Katika chumba, mwalimu akatazama saa yake ya mkononi, akakaribia pazia kwa adabu.

"Mama," alisema, "saa kumi imefika."

"Na mi niko ndani," Caritas alijibu, akavua ile kandambili iliyobaki.