Nywele za Shangazi Hyasinta

Wembe ulikuwa umeshapita nusu ya kichwa ndipo Nyamburi alipokumbuka kwamba hakupaswa kujinyoa.

Akasimamisha mkono. Nyuma ya jiko, alfajiri ile, kulikuwa na kuku mmoja tu aliyemwona, naye aligeuza shingo haraka, kama shahidi asiyetaka kuitwa barazani. Lakini nusu kichwa ni aibu kuliko kichwa kizima. Akamaliza.

Alikuwa amechoshwa na vidole. Tangu wamzike Shangazi Hyasinta, kila alipoinama kuchambua pamba, safi huku, fifi iliyochafuka kule, alivisikia vikiingia nyweleni mwake, vikigawa njia, vikivuta. Vilikuwa vilevile, vigumu, vyenye makovu ya vitumba vya pamba, vilivyomsuka kila Jumamosi tangu alipoletwa Mugeta akiwa msichana kutoka upande wa Butiama. Alidhani nywele zikiisha, vitakosa pa kushika.

Kijiji kizima kilimwita Hyasinta shangazi, hata katekista, hata Nyamburi aliyekuwa mke wake. Ndiyo, mke. Hyasinta alifiwa na mume mapema, bila mtoto. Akatoa ng'ombe wake mwenyewe, akamwoa Nyamburi kwa ndoa ya nyumba ntobhu, mwanamke kwa mwanamke, ili msichana azae kwa jina la nyumba ile, isizimike. "Mimi ndiye mume pekee hapa Mugeta anayejuaga kuosha sufuria," alikuwa akijigamba kilabuni, na wanaume walicheka huku wakichungulia vikombe vyao. Nyumba iliyotafuta mtoto wa kiume ikajaa mabinti watupu. Kila binti alipozaliwa, kuanzia Happyness, Hyasinta alimpokea kwa vigelegele, akatangaza, "Mume mwingine huyo!"

Sasa mabinti walikuwa kwa waume zao, na nyumba ilibaki na Nyamburi peke yake. Na Bonifasi aliijua hesabu hiyo. Alikuwa mtoto wa kaka yake Hyasinta. Pamba ya shangazi ndiyo iliyomsomesha mpaka akapata kazi Musoma na nyumba ya kupanga Nyakato. Alikuja msibani na begi moja. Ndani ya begi mlikuwa na shati jeusi na kufuli jipya.

Kwa watu wa ukoo ule, mwenye msiba hajinyoi. Siku ya kumaliza matanga hukaa kwenye kigoda cha marehemu, akanyolewa mbele ya wote, na aliyenyolewa pale ndiye anayebaki na nyumba. Anayejinyoa mwenyewe amejitoa. Anakunja kanga zake, anarudi kwao.

Jua lilipopanda, ukoo ulikusanyika uani. Mnyoaji alikuwa Rhobi, mdogo wake marehemu, bibi aliyeishiwa meno lakini si maneno.

"Kaa, mwanangu. Fungua kichwa."

Nyamburi alikaa. Kanga ilipoteleza, kipara kiling'aa mbele ya ukoo mzima.

"Haya," Bonifasi alisema, akijitahidi kuhuzunika. "Mimi sina neno. Mila yenyewe imesema. Mama Happyness, usilie. Nitakuitia bodaboda mpaka Butiama."

"Kwetu walikula ng'ombe, wakasahau sura yangu," Nyamburi alijibu polepole. "Nitashukia kwa nani?"

Rhobi alikuwa bado ameshika wembe. "Kwa nini umejinyoa?"

"Alikuwa ananisuka."

"Nani?"

"Shangazi. Kila nikishika pamba. Hata jana."

Mwanamke mmoja alifunika kichwa chake kwa kanga. Mwingine akafanya vivyo hivyo.

"Ndivyo alivyokuwaga," Rhobi alisema, kana kwamba ameambiwa habari za jirani. "Kichwa akikianza hakiachagi katikati. Mimi alinisuka siku ya harusi yangu mpaka bwana harusi akasinzia."

"Shangazi, hiyo si hoja," Bonifasi alisema.

"Kwani mimi nimekuwa hakimu? Kaa chini, unaniziba jua." Akasimama. "Nakwenda kuchukua maji."

Mabinti wa jirani waliinuka kumsaidia, akawakataza kwa mkono. Aliingia mwenyewe hadi chumbani kwa marehemu, ambamo kitana na vitambaa vyake vilikuwa havijaguswa, akakawia huko. Alitoka na bakuli la maji, amelikumbatia kifuani.

"Sasa utanyoa nini?" Bonifasi aliuliza. "Kichwa ni kama yai."

"Nitanyoa kilichopo."

Alilowesha kiganja, akakipitisha kichwani mwa Nyamburi, kisha akaweka wembe. Ukakwaruza. Wote waliisikia ile sauti kavu ya wembe ukikata nywele, pale pasipokuwa na nywele. Nyamburi alifumba macho. Kisogoni alihisi vidole vikimwinamisha shingo, na hakujua ni vya Rhobi au vya nani. Rhobi alisuuza wembe bakulini, akakwaruza tena, akasuuza tena.

Alipoweka bakuli chini, majini zilielea nywele nyeupe.

Nywele za Nyamburi zilikuwa nyeusi. Hyasinta, aliyekuwa na mvi kichwa kizima, alizisifu hata kanisani.

"Pamba hizo," Bonifasi alisema, lakini sauti yake ilitoka nyembamba. "Nyuzi za pamba. Si alikuwa anachambua?"

Rhobi alichovya vidole viwili, akatoa moja, akaivuta mbele ya uso wa Bonifasi. "Pamba inakatikaga, baba." Akaivuta tena. Haikukatika. Ilijikunja, ikarudi kidoleni mwake.

Rhobi alimkabidhi Nyamburi bakuli. "Kamwage mlangoni, kama anavyofanya mwenye msiba aliyenyolewa."

Mlangoni ndipo Bonifasi alipokuwa amekwenda kuketi, begi magotini. Alimtazama Nyamburi akija, akatazama bakuli, kisha taratibu akainua miguu yake.

Nyamburi alimwaga. Uwanja ule huteremka kuelekea barabarani, na maji ya mvua hukimbilia huko siku zote. Haya yalisimama kizingitini, hayaingii, hayatoki, na zile nywele nyeupe zikawa zinazunguka juu yake polepole, ingawa hapakuwa na upepo.