Makaa Yenye Njaa

Mahindi yalikuwa yamegeuka manjano karibu shamba zima, na shangazi alikuwa amechuchumaa katikati yake akicheka peke yake. Nilidhani huzuni imemzidi.

Sababu ya kulia alikuwa nayo. Msimu ule alichoma magunzi ya mahindi shimoni, akayazima kwa maji kabla hayajawa majivu, akayaponda na kuyafukia shambani ili udongo uliochoka upate nguvu. Baba yangu, mdogo wake, alikuwa mfyatuaji matofali, na udongo wa shamba lile alikuwa akiumezea mate. "Dada, mahindi yakikataa, nachimba," alishamwambia, na hakuwa akitania. Shangazi hakuwa na shamba jingine.

"Njoo uone!" aliniita.

Akanionyesha pembe ya chini, tulipozoea kumwaga uchafu wa zizini. Mahindi ya pale yalikuwa ya kijani kilichokoza, yamenipita kimo. Nikakumbuka kwamba makaa yaliyobaki tuliyatandaza zizini, ndama asilale penye majimaji, kisha tukayazoa na kuja kuyatupa hapo.

"Makaa yana njaa, mwanangu," alisema. "Nimeyaleta matupu, yakala chakula cha mahindi. Haya ya zizini yalikuja yameshiba mkojo."

Baba alipokuja na jembe lake, shangazi alisimama mbele yake. "Kosa moja haliachi mke. Nipe msimu mmoja." Alimpa, shingo upande.

Basi tukaloweka makaa kwenye mapipa ya mkojo wa ng'ombe. Harufu ile, hata nzi walikuwa wakijiuliza mara mbili. Majirani walimbandika jina, Mama Mkojo, naye aliitika "Abee!" kwa sauti ya bibi harusi. Nilimpenda sana kwa hilo, na mpaka leo sijakutana na mtu asiyeogopa kuchekwa kama yeye.

Msimu uliofuata mahindi yalitoka kweli kweli, kijani kilichokoza shamba zima. Baba alitembea mstari hadi mstari, akafikicha udongo, akanusa vidole, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta baba zizini, mkono mmoja umebana pua, mwingine umeshika ndoo ya mkojo.

"Shangazi yako huchanganya na maji, au hivi hivi?" aliniuliza kwa sauti ya puani.

Nikamwambia akamuulize mwenyewe. Akaenda, na ndoo yake.