Chumba cha Duara cha Kivukoni

Yule mwanamume alianza kupima baraza la Kuruthumu kwa futi ya kamba kabla shikamoo yake haijaitikiwa, na hilo peke yake lilitosha kumharibia.

Kivukoni ndio mtaa mkongwe wa Nyabirongo, mji mdogo ulioketi ukingoni mwa Mto Mara. Ni nyumba kumi na moja za maduka, za mawe ya mtoni yaliyoshikwa kwa udongo wa kichuguu, zote zikiangalia pale mashua ya kamba ilipokuwa ikivusha watu na mbuzi. Wafanyabiashara wa pwani ndio waliochora misingi, na mawe wakabeba Wakurya.

"Natoka Idara ya Mambo ya Kale, mama," alisema mgeni, ambaye jina lake lilikuwa Stanslaus. "Barabara ya daraja jipya itapita huku. Nyumba za kihistoria tukiziorodhesha, itazikwepa."

Kuruthumu alicheka kwa puani. Miaka sitini na mbili aliyoishi, hajaona mtu wa futi aliyekuja kukuachia kitu.

Kilichomtia wasiwasi zaidi ni uani. Mbele Stanslaus alipita haraka, lakini nyuma alikaa karibu saa nzima, kwenye chumba cha duara. Babu yake Kuruthumu, mzee Abubakari muuza chumvi, alijenga nyumba ya pembe nne kama za kwao Tanga. Mke wake wa Kikurya, Bhoke, akagoma kulala kwenye nyumba yenye kona. Basi mzee akamwongezea chumba cha duara kwa nyuma, ukuta umeungana na ukuta, na ndimo Kuruthumu alimozaliwa. Utotoni wenzake waliiita nyumba yenye kitambi, na aibu ile haikuwahi kumtoka sawasawa.

Sasa mgeni alikuwa akiupapasa ukuta ule, anapiga picha, anatabasamu peke yake. Anachekelea nini huyu? Ameona wapi pabovu?

"Nitarudi mwezi ujao na bosi wangu aje athibitishe," aliaga Stanslaus.

Jioni hiyo hiyo Robi, jirani mwenye mashine ya kusaga, alikuwa amekwisha fika. Robi aliwahi kuishi kule machimboni, ambako mtu wa futi akionekana tu, watu wanakimbilia kujenga na kupiga plasta ili wahesabiwe fidia nzuri. Wenyewe wanaita kutegesha.

"Mama, unadanganywa mchana kweupe," alisema. "Yule ni mthamini amejificha. Akikuta udongo ataandika kibanda, na kibanda greda linakisukuma tu. Tegesha! Weka tofali. Nyumba ya maana, barabara inaikwepa."

Kuruthumu hakutaka fidia. Alitaka kufia mle ndani, atolewe kwenye baraza lile kwenda makaburini kama baba yake. Aliuza ng'ombe wawili, akamwita fundi Sadock.

Sadock aligonga ukuta wa duara kwa kiganja. "Mama, huu ni mzima kuliko mimi. Tuuache."

"Na wewe umetumwa?"

Fundi wa watu akachukua nyundo. Siku tatu ukuta uligoma, ya nne ukaangukia ndani. Kuruthumu aliumia moyo, akaukaza. Mawe ya mbele yakafunikwa plasta, milango ya duka ya mbao za kupachika moja moja ikatolewa, yakaja mageti ya chuma. Nyuma kikasimama chumba cha tofali, pembe nne, kimenyooka. Akakitazama, akajiambia: njooni sasa.

Wakaja. Bosi wake Stanslaus, mwanamke mwenye miwani, alisimama barabarani akiangalia karatasi, kisha nyumba, kisha karatasi. Stanslaus alikimbilia uani. Aliporudi, uso ulikuwa umemshuka.

"Mama, kile chumba kiko wapi?"

"Si hicho hapo? Tena cha tofali."

"Mama yangu." Alikaa kwenye baraza bila kukaribishwa. "Hizi nyingine kumi, za aina hiyo zipo Musoma, zipo Mwanza. Nyumba ambamo Pwani na Ukuryani zimeungana ukuta mmoja, sijaiona popote ila kwako. Ndiyo iliyonifanya nimlete bosi."

Bosi alieleza kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Kuruthumu. Nyumba kumi zimeingia kwenye orodha. Barabara lazima ipate pa kupita, na katika safu nzima imebaki moja tu isiyo ya kihistoria. Watu wa barabara watafika wiki ijayo kuweka alama nyekundu.

"Kwa nini hukuniambia?" Kuruthumu alimgeukia Stanslaus.

"Nilikuambia, mama. Siku ya kwanza, hapa hapa."

Alimkazia macho, akautafuta uongo usoni mwake kama alivyoutafuta kwenye kila uso maisha yake yote. Haukuwepo. Safari hii alimwamini.