Vivuli vya Laini Ndefu

Saa tisa alasiri, mawingu yakiwa yamefunika jua, mwalimu Wilson Kipkorir aliingia wodini na chupa ya chai ya maziwa, akavuta kiti karibu na kitanda cha Mburu, rafiki yake wa miaka ishirini. Kesho asubuhi Mburu angepasuliwa ngiri aliyoipata kwa kubeba magunia ya viazi.

"Ngiri ni kitu gani bwana? Nusu saa, umeshonwa," Wilson akasema.

Mburu hakuogopa kisu. Aliogopa kulazwa usingizi mbele ya watu wenye vivuli.

Yeye hakuwa na kivuli. Chake kilibaki uwanjani, pale shule ya msingi, siku ya kura ya mlolongo mwaka ule wa themanini na nane, pamoja na vya wote waliosimama nyuma ya picha ya wakili mmoja kijana. Laini yao ilizunguka uwanja mara mbili. Ya mheshimiwa, mbunge wa siku nyingi, haikufika hata golini. Karani akatangaza mheshimiwa ameshinda. Watu wakaenda nyumbani, vivuli vikakataa. Chifu, mtu asiyependa kubishiwa, akaagiza pafyekwe ili vivuli viondoke. Pakafyekwa, na vivuli vikabaki palepale vikingoja kuhesabiwa. Tangu hapo, jua likiwaka Eldoret, kila mtu anajua nani alisimama wapi. Asiye na kivuli hupewa sukari mwisho, na dawa mwisho, kama zimebaki.

"Daktari ana kivuli," Mburu akanong'ona. "Nesi pia. Hata yule wa kufagia. Mtu akiwa amelala, mkono unaweza kuteleza."

"Wacha hayo! Nitakaa mlangoni mpaka utoke. Kwani mimi si nilikuwa nyuma yako kwa laini?"

Siku ile Mburu hakugeuka kuangalia. Askari walikuwa na marungu. Na tangu siku ile Wilson alimtembelea jua likishatua tu, akisema kazi ya shule imezidi.

Mawingu yakafunguka. Ukutani kukaonekana kivuli cha kitanda kitupu, na kando yake kivuli cha mwanamume aliyeshika kikombe.

Lo! Mburu alikitazama kikinywa chai. Uchungu ukamuuma kuliko ngiri.

"Watu wa chifu walikuja shuleni kabla ya kura," Wilson akasema. "Nina watoto sita, Mburu."

"Nawajua watoto wako."

Nesi akaja na fomu. "Mzee, ukizidiwa huko ndani, nani atakusemea? Andika mtu mmoja."

Mburu hakuwa na mke, na ndugu zake walikuwa kijijini Burnt Forest, wote walisimama laini ndefu, hawana vivuli. Akachukua kalamu. Kisha akaandika jina la Wilson, kwa sababu mwenye kivuli ndiye daktari angemsikiliza.